Bloku Tatu za Lava

Kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari la mdogo wangu kuna mistari miwili: "Maji: bloku 7. Lava: bloku 3." Chini yake amepiga mstari kwa rula, kama walimu wanavyotaka, kisha ameandika: "Kwa hiyo maji yanafika mbali kuliko lava."

Alikuwa na miaka 12. Ilikuwa Juni 2021, na tulikuwa tumerudi Goma siku chache tu kutoka Sake, ambako tulilala kwenye chumba cha darasa pamoja na familia nyingine tatu. Nyiragongo ilikuwa imelipuka jioni ya Jumamosi, tarehe 22 Mei, bila mtu kutuonya. Lava iliteremka ikala vijiji, ikakata barabara ya Rutshuru, ikaja kusimama Buhene, karibu kabisa na uwanja wa ndege. Tukashukuru Mungu. Halafu ardhi ikaanza kutetemeka mchana na usiku, nyufa zikatokea barabarani, na alfajiri ya tarehe 27 gavana wa kijeshi akatangaza kwamba mitaa kumi ya mji ihame, kwa sababu moto ulikuwa chini yetu, na labda chini ya ziwa pia.

Mdogo wangu hakulia njiani. Alibeba begi lake la shule na kutembea. Tuliporudi ndipo nikagundua kwamba halali. Nikiamka saa nane za usiku kwenda msalani, namkuta amekaa kwenye kompyuta yangu ya zamani, ile niliyorudi nayo kutoka Kampala baada ya masomo, anamwaga lava.

Mchezo wenyewe ni Minecraft. Kwa asiyeujua: ni dunia iliyojengwa kwa bloku za mchemraba, kila moja mita moja kwa mita moja. Udongo ni bloku, mti ni bloku, mawe ni bloku. Unaweza kuucheza kwa kutafuta chakula na kukimbia mazimwi, au unaweza kuchagua ule mtindo ambao una kila kitu, hufi, na unaruka angani kama ndege. Mdogo wangu alichagua huo wa pili. Hakutaka mazimwi. Alitaka ndoo mbili: moja ya maji, nyingine ya lava, na uwanja tambarare.

Usiku wa kwanza nilimfokea. Usiku wa pili nilivuta kiti.

"Yaya, ona," alisema bila kunitazama. Akaweka ndoo ya maji chini. Maji yakaenea haraka kila upande, hatua saba, yakakoma. Akaweka lava. Ikatambaa bloku moja, ikangoja, bloku ya pili, ikangoja, bloku ya tatu, ikasimama. Nikahesabu kwa saa ya simu: kama sekunde moja na nusu kwa kila bloku. Kwenye karatasi nikapiga hesabu: bloku 40 kwa dakika, kilomita mbili na nukta nne kwa saa. Mtoto anayejifunza kutembea angeikimbia.

Sikumwambia wakati ule kwamba lava yetu si hivyo. Lava ya Nyiragongo ina silika kidogo sana, ndiyo maana ni nyepesi, inateremka kama mafuta ya kupikia yaliyomwagika mezani. Mwaka 1977, ziwa la lava la juu mlimani lilipopasua ukuta na kumwagika kwa muda usiofika saa moja, wataalamu walikadiria kwamba kwenye miteremko ilikimbia hadi kilomita 60 kwa saa. Mtoto anayetafuta sababu ya kulala huwezi kumpa namba kama hiyo.

Kwa hiyo nikawa msaidizi wake. Umeme ulikuja tukicheza, ukakatika tukacheza kwa betri mpaka ikaisha. Alifanya majaribio kwa utaratibu ambao ungemfurahisha mwalimu yeyote wa sayansi. Kitu kimoja kwa wakati mmoja. Kwanza maji, kisha lava. Anaandika.

Mwenge: maji yanauzoa. Ua: maji yanaling'oa na kulisukuma. Mahindi hayamo kwenye mchezo, lakini ngano imo, na maji yanaing'oa ngano. Sufu: maji hayaifanyi kitu, lava inaiwasha. Ukuta wa mbao: unawaka, na moto unaruka kutoka ubao hadi ubao. Ukuta wa mawe: haujali. Kitu ulichokiangusha chini, nguo au mkate au kitabu, kikiguswa na lava kinatoweka kwa sauti ndogo, kama tone la maji kwenye kikaango. Kikiangukia maji kinaelea. Kipo chuma kimoja tu, kiliongezwa kwenye mchezo mwaka 2020, ambacho kikitupwa kwenye lava kinaelea bila kuungua. Mdogo wangu alikipigia mstari mara mbili.

Halafu yakaja mawili yaliyomshangaza, na mimi yakaniuma. La kwanza, mlango wa mbao. Ukisimamisha mlango wa mbao mbele ya lava, lava inasimama, na mlango hauungui. La pili, sanduku. Ni la mbao pia, lakini lava inalizunguka, moto unawaka pembeni yake, na lenyewe linabaki. Ukilifungua baadaye, kila ulichoweka ndani kimo.

"Sanduku haiunguwi," alisema. "Yaya, hata ukimwaga ndoo mia."

Nilicheka vibaya. Nikasema, "Mchezo wa watu ambao hawajaona lava." Nikaenda kulala.

Inabidi nieleze.

Alhamisi, tarehe 17 Januari 2002, nilikuwa na miaka minane. Baba alikuwa Butembo kwa biashara. Sisi tulikaa Birere, kwenye nyumba ya mbao yenye vyumba viwili. Siku ile nakumbuka vipande: mama akifunga godoro kwa kamba, mkono wake ukinivuta, barabara nyeusi kwa watu, mbuzi aliyepotelewa na mwenyewe akitembea nasi kama mmoja wetu. Nakumbuka kwamba nyuma yetu kulikuwa na mwanga mwekundu na sauti ya vitu vikipasuka. Tulivuka mpaka kuingia Gisenyi pamoja na mamia ya maelfu ya watu. Tuliporudi baada ya siku chache, mtaa wetu haukuwepo. Palikuwa na mwamba mweusi unaofuka, umefika kimo cha mtu mzima, bado wa moto chini ya viatu. Lava ilikuwa imepita katikati ya mji, ikaingia Ziwa Kivu. Zaidi ya watu laki moja walibaki bila makazi. Mama alisimama mahali alipodhani ni kwetu, akageuka huku na huku, akasema, "Hapa." Hakukuwa na namna ya kujua kama ni kweli.

Nyumba haikuniuma. Watoto husahau nyumba. Kilichoniuma baadaye ni picha.

Nilikuwa na dada. Alizaliwa kabla yangu, akafa kwa malaria mwaka 1999, akiwa na miaka sita. Mimi nilikuwa na mitano. Nakumbuka kwamba alikuwepo. Nakumbuka kulala katikati yake na ukuta. Sura yake sikumbuki. Zilikuwepo picha zake, tatu au nne, na zote zilibaki ndani ya nyumba ile.

Nilipokuwa na miaka 16, katika ugomvi ambao sasa hata sikumbuki ulianzia wapi, nilimwambia mama: "Wewe ulibeba godoro, ukaacha picha za mtoto wako." Aliendelea kuchambua maharage. Hakujibu siku ile, wala mwezi ule, wala miaka iliyofuata. Na mimi sikuomba radhi, kwa sababu ndani yangu niliamini nimesema kweli.

Sasa turudi Juni 2021. Siku moja jioni, umeme umekuja mapema, mdogo wangu anajaribu ukuta wa mawe wa unene mbalimbali, mama akaingia na sahani ya viazi. Hakuwahi kuitazama kompyuta ile isipokuwa kuuliza inakula umeme kiasi gani. Alisimama nyuma yetu muda mrefu.

"Hiyo ndiyo lava?"

"Ndiyo, mama."

"Inaenda polepole hivyo?"

"Kwenye mchezo ndiyo."

Akavuta kigoda. "Jenga nyumba ya Birere," alisema.

Mdogo wangu alizaliwa mwaka 2009. Hajawahi kuiona nyumba ya Birere. Alinitazama, nikainua mabega. Akatafuta sehemu yenye kilima upande wa kaskazini, akaanza. Mama akamwelekeza kama fundi. Mbao, bloku sita kwa nne. Hapana, mlango haukuwa pale, mlango ulikuwa upande wa barabara. Jiko liko nje, nyuma. Bati alilikosa, akaweka bloku za kijivu. Uzio wa mawe ya lava, kama nyumba zote za Goma, maana mji huu unajengwa kwa mawe ya mlipuko uliopita. Mama akacheka alipoona uzio. "Njo vile," alisema. "Njo vile kabisa."

Kisha akasema, "Weka na pipa. Kwenye kona, chini ya bati. Pipa la maji ya mvua."

Mdogo wangu akajenga pipa la mawe, akalijaza maji.

"Sasa weka picha ndani ya maji."

Chumba kilinyamaza. Mdogo wangu hakujua kwa nini. Aliona tu kwamba mimi nimeacha kutafuna. Mchezo una michoro ya kutundika ukutani. Akachukua mmoja, akauangusha ndani ya pipa. Ukaelea, ukizunguka polepole kama vitu vyote vinavyoelea mle.

"Sasa mwaga," alisema mama.

Ndoo moja haifiki mbali. Bloku tatu, tulishajua. Kwa hiyo akapanda kilimani akamwaga nyingi, zikashuka ngazi kwa ngazi. Lava ikafika kwenye uzio wa mawe, ikausogelea, ikapita palipo na mwanya wa kuingilia. Ukuta wa mbao ukashika moto. Moto ukapanda darini. Mama alitazama bila kupepesa. Nyumba ikawaka yote, ikabaki mifupa, kisha ikabaki bloku za kijivu za bati zikining'inia hewani, kwa sababu katika mchezo ule vitu vingi havianguki hata kilichovishika kikiondoka. Lava ikalizunguka pipa la mawe pande zote. Maji yakabaki. Picha ikabaki inaelea.

"Unaona?" mama alisema, na sauti yake haikuwa ya mtu anayetazama mchezo. "Unaona? Njo vile nilifikiri."

Ndipo akasimulia. Kwamba siku ile mikono ilikuwa miwili, na mmoja ulikuwa wangu. Kwamba watu walisema kule mpakani wanapekua, na njiani wanaiba mizigo, na kwamba kila mtu alidhani anarudi kesho yake. Kwamba alizichukua picha, akazifunga kwenye mfuko wa nailoni, akaziweka ndani ya kopo la maziwa ya unga, akaufunga mfuniko kwa nguvu, akalizamisha kopo ndani ya pipa na kuliwekea jiwe juu. Aliwaza: moto ukija, utakula mbao. Maji hautayala. Maji ndiyo yanayoua moto.

"Nilifikiri maji yatashinda," alisema.

Mimi nilisoma. Najua kwamba maji yanachemka kwenye nyuzi 100, na lava ile ilikuwa na zaidi ya nyuzi 1,000. Najua kwamba pipa la bati lililofikiwa na mto wa namna hiyo linakauka, kisha linakunjwa kama karatasi. Yeye pia alikuja kulijua hilo. Aliposimama juu ya mwamba ule na kusema "Hapa," hakuwa anatafuta nyumba. Alikuwa anatafuta pipa.

"Kwa nini hukuniambia?" nilimuuliza. "Siku ile nilipokwambia yale maneno."

Alifikiri. "Ningekuambia nini? Kwamba niliweka mtoto wangu kwenye maji ili asiungue? Ungenicheka. Wewe ulikuwa umeshaanza kusoma fizikia."

Nilitaka kusema unisamehe. Neno lilikuwa limefika kooni. Lakini mdogo wangu akapiga kelele: "Imepotea!"

Tukageuka. Lava ipo, pipa lipo, maji yapo. Picha haipo.

Yeye ndiye aliyetueleza, kwa sauti ya kuomba radhi kana kwamba kosa ni lake. Katika mchezo, kitu kilichoangushwa chini hukaa dakika tano tu. Hakijaungua wala kuzama. Dakika tano zikiisha, kinaondolewa. Akaongeza jambo ambalo lilikuwa limeandikwa kwenye daftari lake na mimi sikuwa nimelisoma: muda huo unahesabiwa tu ukiwa karibu. Ukiondoka ukaenda mbali sana, ile sehemu ya dunia inalala. Lava inasimama pale ilipofika, moto unasimama, na kitu ulichokiangusha kinakungoja mpaka urudi.

"Kwa hiyo ukikimbia kabisa," alisema mama taratibu, "hakuna kinachoungua."

"Mpaka urudi," alisema mdogo wangu.

Mama akatikisa kichwa, akachukua kiazi kwenye sahani yetu, akala. Nikasema, "Mama, unisamehe." Akasema, "Viazi vimepoa." Kwetu mama akikujibu hivyo, amekusikia.

Siku zilizofuata mama alikuja kila jioni umeme ulipokuwepo. Alikuwa na maswali yake. Aliuliza nini kinatokea lava ikiingia ziwani. Mdogo wangu akamwonyesha: lava inayotiririka ikigusana na maji inakuwa jiwe la kawaida, lakini maji yakiifikia lava kwenye chimbuko lake, inakuwa obsidiani, nyeusi tii, ngumu, ambayo hata kwa sururu ya almasi inachukua sekunde kama tisa kuvunja bloku moja. Mama akasema mwaka 2002 ziwa lilitoa mvuke kama sufuria, na sasa hivi pale lava ilipoingilia kuna watu wanafua nguo. Akauliza pia kuhusu gesi. Watu wote wa Goma walikuwa wanauliza kuhusu gesi mwaka ule. Chini ya Kivu kuna kabonidioksidi na methani nyingi sana, zimeyeyuka kwenye maji ya kina na kushikiliwa pale na uzito wa maji ya juu. Na kila mtu alikuwa amesikia habari za Ziwa Nyos kule Kameruni, ambalo usiku mmoja wa Agosti 1986 lilitoa gesi yake na kuua watu wapatao 1,700 wakiwa vijijini mwao. Mdogo wangu akatafuta kwenye mchezo. "Gesi hakuna," alisema. Mama akasema, "Basi walioutengeneza walituhurumia."

Jaribio la mwisho kwenye daftari halina namba. Limeandikwa tu: "Sanduku la mama."

Mchezo una kitabu ambacho unaweza kuandika ndani yake maneno yako mwenyewe. Mdogo wangu alikifungua, akamwambia mama, "Sema alikuwa anafanana vipi. Nitaandika." Hakuwahi kumjua dada yule. Nadhani hakuwa amewahi kuuliza.

Mama alisema. Kwamba alikuwa na mwanya kwenye meno ya juu. Kwamba masikio yake yalikuwa madogo, ya baba. Kwamba picha moja ilipigwa siku ya Noeli, mbele ya pazia la mpigapicha lenye mandhari ya maporomoko ya maji, na alikuwa amenuna kwa sababu viatu vilimbana. Kwamba kwenye picha nyingine alikuwa amenibeba mimi, na miguu yangu ilikuwa inagusa chini, kwa sababu nilikuwa mzito na yeye alikataa kunishusha. Mdogo wangu aliandika polepole kwa vidole viwili. Mimi nilikaa. Ile picha ya mwisho sikuwa nimeijua. Sikuijua kabisa.

Aliweka kitabu ndani ya sanduku, sanduku ndani ya nyumba ya Birere aliyoijenga upya, akamwaga lava kutoka kilimani. Nyumba ikawaka. Tulingoja zaidi ya dakika tano. Mama alihesabu kwa saa ya simu yangu. Kisha akazima moto, akashuka, akafungua sanduku. Kitabu kilikuwemo. Akakisoma kwa sauti tangu mwanzo mpaka kwenye miguu inayogusa chini.

Usiku ule alilala saa tatu.

Tangu Mei ile, nyumba nyingi za mtaa wetu zina mkoba uliokaa tayari karibu na mlango. Wetu una vyeti vya shule, kadi za kupigia kura, dawa za mama za presha, tochi na kanga mbili. Nilinakili dunia nzima ya mdogo wangu kwenye flashi, pamoja na kilima, uzio, pipa na sanduku, nikampa mama auweke humo. Aliitazama flashi kwenye kiganja chake, ndogo kuliko kidole gumba.

"Hii inaungua?" aliuliza.

"Inaungua, mama. Na maji pia hayaifai."

Hakuiweka mkobani. Aliifunga kwenye pindo la kitenge chake, pale anapofunga pesa, akaenda kuangalia maharage.